Nguruwe wanakufa Goma, na lawama zinawaangukia wakimbizi

GOMA – Kila mara nguruwe wanapoanza kufa katika kartie moja ya mji huu, maneno yanafika mbele ya veterineri. Na maneno ni yale yale: ni wakimbizi walioleta ugonjwa. Walitoka Masisi na nguruwe wao, wakawafunga nyuma ya nyumba za watu, na sasa nguruwe wa wenyeji wanaisha. Inasemwa Ndosho, inasemwa Mugunga, inasemwa Kituku asubuhi wakati wamama wanangoja mitumbwi. Na mara nyingi anayesema hivyo ni mtu ambaye jana jioni alinunua nyama ya nguruwe kwa bei ya chini sana, akafurahi, na hakuuliza juu ya nini bei imeshuka.

Ugonjwa wenyewe ni homa ya nguruwe ya Afrika. Wafugaji wengi wa hapa wanaujua kwa jina la Kifaransa, pesti porsini. Unatokana na virusi. Haumshiki mwanadamu, wala mbuzi, wala ng'ombe, wala kuku. Unamshika nguruwe peke yake, na ukimshika haumwachi kirahisi. Joto la mwili linapanda, anakataa chakula, anajilaza juu ya wenzake kama mwenye baridi, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu kisha vya zambarau. Wengine wanatoa damu puani au katika mavi. Mwenye mimba anaitupa. Tangu dalili zianze, nguruwe anaweza kufa ndani ya wiki moja hivi, na kukiwa na aina kali ya virusi, kibanda cha nguruwe kumi kinaweza kubaki bila hata mmoja. Dawa ya kuutibu haipo.

Sasa hiyo hoja ya wakimbizi. Haisimami, na ni lazima isemwe wazi kwa sababu kuna familia zinazofukuzwa nyumba juu yake.

Ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Ni ugonjwa wa Afrika hii hii ya mashariki, na ulikuwepo kabla ya vita vyote ambavyo mkaaji wa Goma anaweza kuvihesabu. Virusi vinakaa ndani ya ngiri wa porini bila kuwaua, vikipitishwa na aina ya kupe wanaoishi katika mashimo yao. Ngiri wako ndani ya Hifadhi ya Virunga, mlangoni petu. Jirani yetu wa Kivu ya Kusini, watafiti wa Bukavu walipima nguruwe wa vijijini wakakuta virusi hivyo hata katika damu ya nguruwe waliokuwa wanakula, wanatembea, hawana dalili yoyote. Maana yake ni kwamba virusi viko tayari, vinazunguka kimya kimya kati ya vibanda vya Kivu, na havingoji mtu akimbie vita ili vifike.

Ni kweli, mtu anayekimbia na nguruwe wake juu ya chukudu anaweza kukimbia na ugonjwa pia. Hilo halikataliwi. Watu walipofika Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na Rusayo, wengine walikuwa na mfugo mmoja au wawili waliookoa. Na Februari 2025, kambi zilizouzunguka mji zilipovunjwa, mifugo hiyo ilirudi tena barabarani, safari hii kuelekea Sake, kuelekea Masisi na Rutshuru, au ikaingia katika nyua za familia za mjini zilizokubali kupokea watu. Kila safari kama hiyo ni nafasi kwa virusi. Lakini mkimbizi anasafirisha nguruwe wake mara moja au mara mbili katika miaka. Nani anayesafirisha nguruwe kila wiki? Mfanyabiashara. Nani anayepitisha dume moja katika vibanda vya kartie nzima, leo hapa, kesho kule, kwa malipo ya mtoto mmoja wa nguruwe? Mwenye dume, na mara nyingi ni mwenyeji wa miaka mingi. Nani anayeingia katika kibanda chenye wagonjwa na kisu chake, na buti zake, na gunia lake, kisha anaenda moja kwa moja kwa mfugaji mwingine kuangalia kama naye anauza? Mchinjaji. Hao hawaitwi wachafu na hakuna anayewafukuza.

Kuna tena masalio. Nguruwe wa Goma wanaishi kwa maganda ya viazi, majani ya viazi vitamu, makapi ya pombe, na ndoo za mabaki kutoka restora na nganda. Ndani ya ndoo hizo kuna mifupa na vipande vya nguruwe. Virusi hivi vinaweza kukaa miezi ndani ya nyama iliyotiwa chumvi au kukaushwa. Kwa hiyo mfugaji ambaye hajawahi kumpokea mkimbizi, hajawahi kununua nguruwe mgeni, anaweza kuleta kifo nyumbani kwake kwa mikono yake, ndani ya ndoo ya chakula. Tiba ya jambo hili ni rahisi: mabaki yote yachemshwe nusu saa kabla ya kumpa nguruwe. Inahitaji makala, na makala ni ghali, kweli. Lakini makala ya nusu saa hayafiki bei ya nguruwe.

Ili kuelewa jinsi ugonjwa unavyosambaa Goma, inafaa kumfuata mama mmoja. Hana jina hapa, kwa maana wako wengi sana. Ana nguruwe jike mmoja na watoto wake sita, nyuma ya nyumba ya shitingi na mbao. Nguruwe huyo ndiye benki yake, na neno hilo si la mzaha: tangu mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, na aliyekuwa na akiba kidogo alijifunza haraka tofauti kati ya feza iliyo kwenye karatasi na feza inayopumua. Nguruwe anabeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Anazaa wanane, mara kumi. Hahitaji malisho ambayo wenye silaha wanaweza kuyafunga, hahitaji shamba ambalo mwenyewe hawezi kulifikia. Ndiyo maana mtu aliyepoteza shamba anafuga nguruwe. Kutoka kwake kunatoka feza za shule za watoto, na feza za kumtoa mgonjwa hospitalini.

Jumapili nguruwe huyo anakataa kula. Jumatatu masikio ni mekundu. Mama anajua. Watu wanapenda kusema wafugaji hawajui, ni ujinga, wanahitaji kuhamasishwa. Uongo. Mfugaji aliyeona ugonjwa huu mara moja anautambua kuliko mtu wa semina. Mbele yake kuna njia mbili.

Njia ya kwanza: kumwambia shefu wa kartie au veterineri. Akiambiwa, anayotakiwa kufanya anayajua: asiuze, asichinje, watoto sita wauawe pia, wote wazikwe, kibanda kioshwe na kibaki kitupu. Kwa hayo yote atalipwa franga ngapi? Sifuri. Na juu ya sifuri hiyo ataongezewa matusi ya majirani, na mwenye nyumba atamwambia atafute pengine pa kulala kwa sababu ameleta pesti.

Njia ya pili: kumpigia mchinjaji simu saa mbili usiku. Kabla jua halijatoka mchinjaji amekuja na motari. Atalipa nusu ya bei, au theluthi, lakini atalipa. Saa nne asubuhi nyama iko katika nganda tatu. Matumbo yameoshwa katika mtaro unaopita mbele ya vibanda vya wengine. Watoto sita wa nguruwe, ambao bado wanaonekana wazima kwa sababu ugonjwa unaweza kujificha kati ya siku 4 na 19, wako sokoni ndani ya vifuko, na kila mmoja ataenda kwa mfugaji wake.

Ni mtu gani mwenye akili, mwenye watoto wanaolala njaa, atachagua njia ya kwanza? Mama huyu hakukosea hesabu. Waliokosea ni wale waliopanga mambo hivi: anayesema ukweli anapoteza vyote, anayeficha anapoteza nusu. Mahali popote penye mpango wa namna hiyo watu wataficha, wawe wakimbizi au wenyeji, wawe na diplome au wasiwe nayo. Halafu matangazo yanatoka, yanawaambia wafugaji watoe taarifa haraka kwa huduma ya mifugo. Matangazo hayo hayasemi hata siku moja mfugaji atapata nini akishatoa taarifa.

Goma haina haki ya kusema haijui. Mji huu ulipita katika Ebola. Mgonjwa wa kwanza alipothibitishwa hapa Julai 2019, kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo ya maji ya klori, kila kizuizi kilikuwa na mtu mwenye kipima joto, mpaka abiria wa pikipiki walikuwa wananawa. Ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020, lakini katika mji wa Goma haukupata nafasi. Ina maana wakaaji wanajua nini maana ya kuosha viatu, kutofuatana na mgonjwa, kuzika bila kugusa. Wanajua pia somo la pili, lile chungu: huko Beni na Butembo amri zilipokuja bila kuaminika watu waliwaficha wagonjwa wao. Kama mtu anaweza kumficha mama yake mzazi kwa sababu haamini wanaokuja kumchukua, atashindwaje kuficha nguruwe?

Siyo kwamba nguruwe ni sawa na mtu. Lakini ndoo ya klori iliyookoa mji ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuokoa kibanda. Javeli inayouzwa dukani inaua virusi hivi, kwa sharti moja ambalo wengi wanalisahau: uchafu uoshwe kwanza kwa maji na sabuni. Javeli ikimwagwa juu ya mavi ni feza iliyotupwa. Viatu vya kibandani vibaki kibandani. Mgeni asiingie, hata akiwa ndugu, hata akiwa pasta, na mchinjaji zaidi ya wote. Atake kununua, nguruwe atolewe nje hadi barabarani, na akishatoka, asirudi ndani hata kama bei haikukubaliwa. Hilo la mwisho linauma, maana mnunuzi akijua nguruwe harudi ndani atapunguza bei. Ndiyo maana bei ikubaliwe kwa simu, au kwa picha ya simu, kabla ya kumtoa.

Kuna watu wengine ambao lawama ingewafaa zaidi kuliko wakimbizi. Ni wale wenye mfuko wa sindano.

Nguruwe wakianza kufa, wanaonekana. Wanapita nyumba kwa nyumba, wana chupa, wana maneno ya Kifaransa, wanachoma sindano nguruwe mmoja hadi mwingine kwa sindano ile ile, na wanalipwa papo hapo. Wengine wanaita hiyo chanjo. Mfugaji ajue hivi: chanjo ya ugonjwa huu haiuzwi Goma. Vietnam ilikubali chanjo zake kati ya 2022 na 2023, na zilitengenezwa kupigana na aina ya virusi inayosumbua Asia na Ulaya. Aina zilizopatikana kwa nguruwe wa Kivu ya Kusini ni nyingine. Kwa hiyo hata kama mtu angebeba chupa ya kweli kutoka Hanoi, hakuna anayeweza kuahidi kwamba ingemlinda nguruwe wa Mugunga.

Lakini, watu wanauliza, mbona kuna nguruwe walichomwa sindano wakapona? Swali ni zuri na jibu lake lipo. Kuna ugonjwa mwingine unaoitwa rouget, unaosababishwa na bakteria, ambao nao unaleta homa kali na ngozi nyekundu. Kwa macho, hata veterineri aliyesoma miaka mingi hawezi kutenganisha hiyo miwili kwa hakika. Rouget inatibiwa kwa penisilini. Basi mwenye mfuko akimkuta nguruwe wa rouget anapona, na kesho yake anatangaza kartie nzima kwamba anatibu pesti. Akimkuta wa pesti, anakufa, na anasema aliitwa kwa kuchelewa. Katikati ya nyumba hizo mbili, sindano yake imebeba damu ya mgonjwa hadi kwa mzima. Na rouget, tofauti na pesti, inaweza kumshika mtu: inaingia kwa jeraha la mkono wa anayechinja. Anayekata nguruwe mgonjwa kwa mikono mitupu akisema pesti haishiki watu, amejuaje kwamba ni pesti?

Kujua kunahitaji maabara. Damu ichukuliwe, ipimwe, jibu lirudi wakati bado lina faida. Kwa magonjwa ya watu, Goma ina maabara ya INRB, na kila mtu alikubali kwamba ilihitajika. Kwa mifugo, jibu la uhakika lilizoea kutafutwa mbali, na Januari 2025 uwanja wa ndege ulifungwa, kwa hiyo hata kutuma chupa ya damu Kinshasa kukawa safari ya kuzunguka nchi jirani. Nguruwe hangoji. Ndiyo maana wanaosimamia mifugo, wawe wa upande gani, wanapaswa kuacha kusubiri karatasi ya maabara kabla ya kuchukua hatua. Nguruwe wawili wakifa katika siku tatu wakiwa na homa na masikio mekundu, soko la nguruwe la eneo lile lifungwe wiki tatu. Kama baadaye itaonekana ilikuwa rouget, wafanyabiashara watakuwa wamepoteza wiki tatu, basi.

Halafu kuna jambo la kuzika. Maelekezo yote duniani yanasema: chimba shimo refu, weka mzoga, mwaga chokaa, funika. Aliyeandika maelekezo hayo hakuwahi kushika sururu Goma. Mji huu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ilifika Buhene na kukaribia uwanja wa ndege, na chini ya hizo kuna za zamani. Mashirika yaliyojenga vyoo vya kambi yanajua kuchimba hapa ni kitu gani, na yalikuwa na wafanyakazi na vifaa. Mama mmoja mwenye jembe atachimba shimo la mita mbili kwa siku ngapi, huku mzoga unavimba? Kuchoma nako ni kuni, na kuni zinatoka wapi ikiwa si Virunga. Matokeo yake yanaonekana na kunusika: mzoga unafungwa ndani ya gunia na kutupwa usiku katika kiwanja kitupu au ziwani. Mbwa wanaufungua, nguruwe wanaoachiliwa kuzurura wanaufikia.

Kwa hiyo kusema tu zikeni ni kusema bure. Kila kartie inahitaji shimo moja, lililochimbwa kwa mashine au kwa salongo ya watu wengi, lenye kifuniko, chokaa ikiwekwa karibu, na mtu mmoja mwenye kuitwa usiku. Shimo moja kwa Mugunga, moja kwa Ndosho, moja kwa Majengo. Hilo halihitaji amani ipatikane kwanza. Halihitaji Kinshasa, wala wafadhili wa mbali. Linahitaji shefu wa kartie, vijana, na siku mbili za Jumamosi.

Mashirika yanayogawa nguruwe nayo yasikilize, kwa maana wengi wao wanakuja na nia njema na wanaacha makaburi. Mradi unafika, unaandikisha wamama hamsini, unanunua nguruwe wadogo kwa wafugaji mbalimbali bila kuuliza sana, unawaweka wote katika lori moja, siku moja, unawagawa siku hiyo hiyo, picha zinapigwa. Nguruwe mmoja mwenye virusi ndani ya lori hilo anatosha. Mwezi mmoja baadaye wamama hamsini wana vibanda vitupu, na kartie zao zina ugonjwa ambao hazikuwa nao. Ripoti ilikwisha andikwa. Halafu watu wanasema wadeplase hawajui kufuga.

Shirika ambalo haliwezi kuwaweka nguruwe mahali pamoja siku 30 kabla ya kuwagawa, lisigawe. Ligawe mbuzi, ligawe sungura, ligawe feza. Na shirika lenye bajeti ya nguruwe mia moja linunue themanini, ishirini wabaki kama fidia ya wale watakaosema ukweli ugonjwa ukiingia. Mfugaji wa kwanza kupiga simu ndiye wa kwanza kupewa nguruwe mwingine, baada ya kibanda chake kusafishwa na kupumzika. Wale waliouza usiku wasipate. Hapo hesabu ya yule mama inageuka, bila semina yoyote.

Hili la fidia siyo ndoto ya watu wa Goma. Hispania iliteseka na ugonjwa huu tangu 1960, zaidi ya miaka thelathini. Iliushinda mwaka 1995, baada ya mpango ulioanza 1985 ambao ulipima nguruwe, ukaboresha vibanda, na ukawalipa wafugaji waliouliwa wanyama wao. Haiti ilifuata njia nyingine. Ugonjwa ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1970, nguruwe weusi wa wakulima waliuawa karibu wote, kwa msukumo wa Marekani iliyoogopa kwa ajili ya mashamba yake. Wakulima wengi hawakuona fidia. Walioletwa baadaye walikuwa nguruwe weupe kutoka Marekani, waliohitaji chakula cha kununua na sakafu ya simenti katika nchi ambapo watu wenyewe walikuwa wanalala chini. Watoto waliacha shule kwa sababu nguruwe ndiye aliyekuwa analipa shule. Virusi viliondoka Haiti, ndiyo, na mwaka 2021 vikarudi. Wazee wa kule bado wanahesabu umaskini wao kuanzia siku nguruwe walipouawa.

Inabidi Haiti ikumbukwe kwa sababu Goma nayo ina watu wanaotaka suluhisho la kuondoa nguruwe wote mjini kwa amri. Baadhi yao hawali nyama hiyo, kwa imani yao, na hiyo ni haki yao ambayo hakuna anayeigusa. Wengine wanachoka na harufu, na hapo wana sababu pia: kibanda kilichobanana na ukuta wa jirani ni kero, na nguruwe anayezurura barabarani ni hatari kwa wote, kwanza kwa nguruwe wengine. Afungwe, hilo halina mjadala. Lakini amri ya kuwaondoa wote itafanya nini? Nguruwe wataingia vyumbani. Watafugwa gizani, watauzwa gizani, watakufa gizani, na ugonjwa utapata maficho bora kuliko yale ulio nayo leo. Na itakayoumia kwanza ni ile familia iliyopokelewa katika uwanja wa mtu, isiyo na shamba wala benki.

Kati ya amri na kuacha mambo yalivyo, wafugaji wanaweza kuanza na wanachokijua. Likelemba iko kila kartie. Wamama wanaoweka franga kidogo kila wiki wanaweza kuweka pia nguruwe: kila mmoja, jike wake akizaa, atoe mtoto mmoja kwa kikundi. Watoto hao wafugwe mahali tofauti, kwa mtu asiye na nguruwe wengine, asiyeazima dume. Ugonjwa ukimpata mwenzao na akautangaza siku ile ile, anaahidiwa nguruwe kutoka hapo. Kikundi chenyewe kinajua nani alisema mapema na nani aliuza usiku. Hakuna serikali inayoweza kujua hivyo vizuri zaidi.

Na aliyepewa nguruwe mwingine asimwingize kibandani siku hiyo. Mbao zilizooza zichomwe, chombo cha chakula kisuguliwe kwa sabuni, javeli ipigwe mara mbili kwa siku tofauti, kisha kibanda kikae kitupu siku 40. Baada ya hapo aingie mmoja tu, mdogo, wa kujaribu. Akikaa wiki sita anakula vizuri, wengine wafuate. Akifa, simu ipigwe tena, na nafasi yake katika kikundi isifutwe.